Niende na gitaa langu, au niende kutazama tu?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kilosa. Napiga gitaa kavu, galatoni la zamani aliloniachia mjomba, na nimejifundisha mwenyewe kwa kusikiliza redio na kuangalia vidole vya watu. Noti sisomi. Napiga nyumbani, na mara mojamoja kwenye kwaya mpiga gitaa wetu akisafiri. Mwezi ujao kuna tamasha la gitaa Morogoro mjini, siku mbili: mchana kuna mafunzo na duara la wazi ambalo kila mwenye gitaa anakaribishwa, usiku bendi zinapiga jukwaani. Natamani sana kwenda ila naogopa kuchekwa. Niende na gitaa langu au niende kutazama tu? Na nikienda nalo, nijiandae vipi?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nenda nalo. Ukienda mikono mitupu utakaa siku mbili ukiwaonea wivu watu ambao baadhi yao unawazidi, na hakuna atakayejua kwamba na wewe unapiga.

Hilo la kuchekwa lisikunyime usingizi. Kwenye duara la wapiga gitaa hachekwi asiyejua. Anayechosha watu ni yule anayejua kidogo na hataki kunyamaza: amekariri solo moja ya Kikongo, anaipachika kwenye kila wimbo, iwe inaingia au haiingii, na amplifaya kaifungulia mpaka mwisho. Hata huyo hawamcheki. Wanahamisha viti tu. Mtu aliyeniandikia kwa woga kama wako hawezi kuwa huyo.

Tamasha la gitaa lina tatizo moja ambalo matamasha mengine ya muziki hayana: magitaa ni mengi mno. Bendi ya dansi ilitosheka na magitaa matatu au manne, yaani solo, sekandi solo, ridhim (gitaa la kushikilia kordi na mapigo) na besi, na kila mpiga alijua mipaka yake. Kwenye duara la wazi mnaweza kuwa kumi na tano, na wengi wenu mmekuja na solo mfukoni. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kwako ni huu: nenda kama mpiga ridhim. Mwezi huu uliobaki usiutumie kutafuta mapambo, utumie kujifunza kushikilia wimbo. Mtu anayeweza kukaa kwenye ridhim dakika kumi bila kukimbia wala kulegea anaitwa na kila mtu. Hata wale wa jukwaa la usiku wakija mchana kupasha vidole watamtafuta yeye, kwa sababu mpiga solo hana pa kusimama kama chini yake hakuna mtu.

Nyimbo zitakazoombwa usiwe na shaka nazo. Huo ni mkoa wa Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe. Salum, wa bendi ya Cuban Marimba, alituacha mwaka 1965. Mbaraka alitoka bendi ya Morogoro Jazz, akaanzisha yake ya Super Volcano mwaka 1973, akafariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Mpaka leo ukishika gitaa pale mjini hakosekani mzee wa kuomba wimbo mmoja wa hao wawili. Sasa, watu wengi wakitaka kupiga wimbo wa Mbaraka huanza na solo yake, maana ndiyo iliyowaroga. Wewe fanya kinyume. Weka rekodi, jifanye solo haipo, tega sikio kwenye gitaa linalozunguka chini ya sauti yake. Utaona halikwanguliwi nyuzi sita zote juu chini kama tunavyozoea kwenye kwaya. Linachambuliwa. Mkono wa kushoto umeshika kordi nzima, lakini wa kulia unaokota nyuzi nyembamba tatu au nne, moja baada ya nyingine, kimchoro kifupi kinachojirudia, na kila baada ya mapigo kadhaa vidole vya kushoto vinalegea kidogo ili sauti ikatike. Ukikipata kimchoro kimoja cha namna hiyo ukakipiga bila kukosea wimbo mzima, umeshaiva kwa duara. Nyimbo za Salum ziliegemea sana Kyuba, kwa hiyo ongeza mapigo mawili, rumba na cha-cha-cha, na uyapige huku mguu unahesabu.

Angalia jambo moja ukiwa unafanya mazoezi na rekodi za zamani. Kanda zile nyingi hazikai sawasawa kwenye 440, yaani hezi 440 za noti A, kipimo cha kawaida cha kutyunia. Ukiona kila noti unayotafuta inaangukia katikati ya freti mbili, vile vijichuma vya shingoni, masikio yako hayana kosa. Tyuni gitaa lifuate rekodi ukiwa nyumbani, kisha lirudishe kabla ya safari, kwa sababu kule karibu kila mtu atakuwa na programu ya kutyunia kwenye simu, nayo inasoma 440.

Jambo la pili litakalokutofautisha na wengine ni kutopiga mahali palepale anapopiga jirani yako. Chukua wimbo wa kordi tatu katika ki ya G: G, C, D. Jirani anazipiga huko chini karibu na kichwa cha gitaa, kama kila mtu. Wewe weka kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni, freti ya 5 ushike umbo la D. Inayotoka ni G. Yeye akienda C, wewe shika umbo la G. Akienda D, shika umbo la A. Kordi ni zilezile, ila zako zinalia juu, nyembamba, na hazigombani na zake. Akitokea wa tatu, mpeleke freti ya 7 apige kwa umbo la C. Vidole vyake vitakwenda C, F, G na masikio yatasikia G, C, D. Hiyo F itamtesa kidogo, lakini atavumilia. Mkikaa hivyo watatu mkaacha nafasi, utaelewa Wakongo walikuwa wanatafuta nini walipoweka gitaa la tatu, mi-solo, katikati ya ridhim na solo. Na mwimbaji akisema sauti yake iko B flati, usihangaike: kapo freti ya 3, umbo la G. Kama huna kapo, kipande cha penseli na mpira wa kufungia karatasi vinatosha. Chuo hicho wengi wetu tumekipitia.

Lakini kabla hujategemea kapo, lipime hilo galatoni. Gusa uzi wa kwanza juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, uachie. Itatoka sauti kama ya kengele. Halafu kandamiza freti ileile ya 12 upige tena. Zikilingana, gitaa lako lina afya. Ile ya kukandamiza ikiwa imepanda juu kidogo, shingo imepinda au nyuzi zimenyanyuka mno, na huko juu utasikika umechafua hata ukishika sawasawa. Hapo una njia mbili: fundi akushushie kimo cha nyuzi, au ubaki freti tatu za kwanza na uwaachie wengine huko juu. Vyote viwili ni sawa.

Wala usilionee aibu. Gallotone Champion, la hiyohiyo kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ndilo lilikuwa gitaa la kwanza la John Lennon.

Nyuzi mpya weka siku tatu kabla kama ni za chuma, wiki nzima kama ni za nailoni, si asubuhi ya safari. Nyuzi za chuma zinaendelea kuvutika siku mbili hivi, za nailoni karibu wiki, na utakesha unatyuni wakati wenzako wanapiga. Kwa gitaa la zamani chukua seti nyepesi, inayoanzia inchi 0.010, nzito zaidi ya hapo zinaweza kubandua daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Na kama galatoni lako lilitengenezwa kwa nyuzi za nailoni, usithubutu kulivalisha chuma. Beba uzi wa kwanza wa akiba, wa pili pia kama uwezo upo, maana hizo ndizo zinazokatika. Kwenye basi usikubali konda alitupe kwenye buti. Legeza nyuzi kidogo, lisimamishe katikati ya magoti, na ukishuka usiliache ndani ya gari lililofungwa juani. Joto linalainisha gundi, na jioni utakuta daraja limeinua kisigino.

Sasa duara lenyewe. Wimbo usioujua ukianza, raundi ya kwanza usipige. Angalia mkono wa kushoto wa mwenye ridhim, tafuta besi inakwenda wapi, hesabu zamu za kordi. Raundi ya pili ingia kwa sauti ya chini, mapigo machache. Wazee wa dansi wameishi miaka kwa kazi ya deiwaka, leo bendi hii kesho ile, wakipanda jukwaani kupiga nyimbo ambazo hawakuwahi kuzifanyia mazoezi, na hivyo ndivyo walivyokuwa wakiingia. Ukimwona mmoja wa wazee hao amekaa pembeni na chai yake, mwendee. Anza na shikamoo, jitambulishe, mwambie unatoka Kilosa na unapiga kwa kujifundisha. Usimtolee simu usoni kabla ya hapo. Ukishaongea naye muombe jambo moja tu, akuonyeshe mkono wa kulia wa wimbo mmoja anaoupenda, polepole. Wazee hawa wanajua bendi ipi ilipigaje, kwa nini bendi ya Sikinde haikusikika kama ya Msondo hata kordi zikiwa zilezile, na mengi ya hayo hayajaandikwa popote. Yako kwenye vidole.

Duara likijaa mpaka wimbo hausikiki, weka gitaa chini. Nasema kweli. Magharibi ya Kenya, kwenye omutibo, mtindo wa gitaa kavu wa kina George Mukabi, pembeni ya gitaa kulikuwa na chupa ya Fanta inayogongwa, na ile chupa ndiyo iliyokuwa ikiwachezesha watu. Ukishika chupa na kijiko kwa mapigo yaliyonyooka, watu kumi na watano watatulia nyuma yako. Hakuna kazi ya heshima zaidi kwenye duara lililovurugika, na hakuna anayejitolea kuifanya.

Kuhusu mafunzo ya mchana, usikimbilie kila darasa. Kama ratiba ina darasa la gitaa kavu la vidole viwili, gumba na cha shahada, weka hilo la kwanza hata likigongana na darasa la mtu maarufu. Huo ndio mtindo wa Katanga, kusini mwa Kongo, wa Mwenda Jean-Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, siku hizi Likasi, na ambaye nyimbo zake nyingi ziko kwa Kiswahili. Gumba linashikilia besi kwenye nyuzi nene, cha shahada kinaimba kwenye nyembamba, na mtu mmoja anatosha kuwa bendi. Edouard Masengo na Losta Abelo walikuwa wa ukoo huohuo wa upigaji. Wewe unayepiga peke yako sebuleni baada ya kusahihisha madaftari, gitaa la namna hii limetengenezwa kwa ajili yako kuliko solo yoyote ya umeme.

Ndani ya darasa, wengi watakodolea macho mkono wa kushoto wa mwalimu. Kordi unaweza kumuuliza jirani au ukazipata kwenye simu jioni. Kaa mahali unapoona mkono wa kulia: gumba linaanguka kabla au pamoja na cha shahada, kiganja kimelala juu ya daraja au kimeinuka, ukucha unatumika au nyama. Ukipewa nafasi ya swali, usiulize alianza lini kupiga. Mwombe apige kipande kimoja mara mbili, polepole, mkono wa kulia peke yake, na uombe ruhusa ya kurekodi. Dakika moja ya namna hiyo kwenye simu itakupa kazi ya miezi.

Kutosoma noti hakutakusumbua ila kwenye darasa la gitaa la klasiki, kama lipo. Ingia hata hilo, kaa nyuma, angalia wanavyokaa na wanavyoinua shingo ya gitaa. Mgongo wako utakushukuru.

Je, kama kuna jukwaa la wazi la kila anayetaka, upande? Mimi nisingekuharakisha siku ya kwanza. Siku ya pili, kama umeshapiga na watu kwenye duara na mmoja wao anaimba, pandeni wawili kwa wimbo mmoja mfupi. Fundi mitambo msalimie mapema, kabla ya shughuli kuanza, umweleze gitaa lako halina pikapu, kile kifaa cha kunasa sauti ya nyuzi. Atakuwekea maikrofoni. Iombe ielekee pale shingo inapoungana na mwili, umbali wa shubiri moja, isielekee kwenye tundu. Pale kwenye tundu besi inafura na spika zinaanza kulia. Ukishakaa, usisogee mbele na nyuma. Ukiazima gitaa la umeme, zima sauti kabla ya kuchomeka wala kuchomoa waya, na kama lina betri ya volti 9 ndani, uliza ni ya lini. Mkikosea, endeleeni, watu wanasikia kusimama kuliko wanavyosikia noti mbaya. Na akitokea mtu wa kukutuza akakubandika noti kwenye paji la uso, iache hapohapo, usiishike mpaka wimbo uishe. Nimeona ridhim nyingi zikifa kwa sababu ya elfu mbili.

Usiku ni wa kusikiliza, ila usisimame mbele ya spika. Kiwango kinachotumika viwandani ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unapungua nusu. Kwa hesabu hiyo, kwenye desibeli 100, ambazo jukwaa la bendi linazifikia bila shida, una robo saa tu. Vizibo vya masikio vya sponji vinauzwa kwenye maduka ya dawa kwa bei ndogo. Kaa karibu na meza ya fundi mitambo, maana yeye anachanganya kwa masikio yake mwenyewe, na hapo ndipo utasikia magitaa yakiwa yametengana. Sebene ikianza, ile sehemu ya kuchezea ambayo magitaa ndiyo yanayotawala, usimfuate mpiga solo kama wenzako. Mwangalie wa ridhim. Wimbo umechemka, watu wanaruka, na mkono wake haujabadilika.

Kutakuwa na wauza magitaa pia. Usinunue siku ile. Mtu aliyetoka kusikia sebene saa nzima ataona kila gitaa ni zuri. Kama limekukaa moyoni, lipime kwa ile njia ya freti ya 12, tazama shingo kwa kulilenga kama mtu anayechungulia mbao, chukua namba ya muuzaji, umpigie wiki inayofuata.

Na kabla hujapanda basi Jumapili, chukua namba za watu wawili wanaoishi njia ya kwenu, Kimamba, Dumila au Mikumi, mtu ambaye mnaweza kukutana Jumamosi bila nauli kubwa. Angalau mmoja awe anapiga besi au anaimba. Mkiwa wote wa ridhim mtachoshana kabla mwezi haujaisha.